Majora ya Kijani kwa Fundi Simo

Kijiwe hiki kiko Majengo, Dodoma, upande ule ambao vumbi likichoka kuzunguka sokoni huja kupumzika. Benchi lake ni taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mbele ya kibaraza cha fundi cherehani. Lilivyotoka relini mpaka pale hakuna anayeuliza, maana Mzee Anyitike aliyelileta yu hai na kila siku anakaa juu yake. Wanaokutana hapo ni wanaume wa kuongea. Kazi wanazo, ila ni zile kazi zinazomruhusu mtu kuondoka asubuhi na kurudi alasiri bila mtu kujua kama alikuwapo. Bi Mwamvua huwauzia kahawa, na kuwasikiliza ndiyo adhabu yake hapa duniani. Mwaka ule uliofuata mvua za Elnino, Kongo ilikuwa inawaka, na kila redio ya mtaa ilikuwa inataja majeshi ya nchi za watu yaliyokwisha kuingia humo. Nchi hii haikuwamo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa inasemwa, na mtaani watu waliisema kwa namna mtu anavyosema kwamba homa ya jirani haijavuka ua.

Swedi, mwenye baraza, alikuwa mshona sare za shule. Nusu ya watu wa mji ule waliojifunza kusoma walijifunzia ndani ya mashati yake. Halafu biashara ikafunguliwa, zikaja sare za dukani zilizofungwa kwenye nailoni, zinazofumuka kwapani wiki ya pili, na wazazi wakaona huo ndio ustaarabu. Cherehani zake nne, tatu zikafunikwa shuka. Mwanafunzi wake wa mwisho, Salha, alikuwa ameambiwa Jumamosi ndiyo basi.

Jina la Simo alilipata kwa halali. Msikiti ulipogawanyika kwa ajili ya imamu, Swedi alisema mimi simo. Vyama vingi vilipokuja alizishona bendera za kila chama, kisha akasema mimi simo. Hata wake zake wawili walipokamatana nywele uani kwake mwenyewe, alitoka akakaa barazani, na waliopita kumwuliza kulikoni aliwajibu neno lile lile.

Juzi bwana mmoja mnene wa shingo, mpole wa maneno, alishusha kwake majora ya kitambaa cha kijani, kijani kile cha majani yanayotaka kukauka. Alitaka mashati yenye mikanda ya mabegani na mifuko yenye vifuniko, na suruali zenye mifuko mapajani. Alisema ni sare za walinzi wa mashamba, huko ng'ambo ya ziwa. Zitapanda treni ya Kigoma, na kutoka hapo zina wenyewe. Fundi ashone machache ya kuonyesha. Leo alasiri bwana atapita: akikubali, kazi ni ya miezi na miezi, akikataa, majora yanakwenda kwa fundi mwingine. Swedi aliyashona. Sasa yalikuwa ndani, juu ya meza ya kukatia, yamefunikwa shuka, na yeye alikaa mlangoni ameyapa mgongo, futi kamba shingoni, akitamani mtu mmoja tu amwambie kwamba hayumo.

— Wameongezeka — alisema Mzee Anyitike, redio ikiwa sikioni. Kijiweni aliitwa Masafa, kwa sababu tangu astaafu reli hajawahi kuwa mbali na redio kuliko urefu wa mkono wake. — Kila ukiwasha, jeshi jingine limeingia Kongo. Itabidi watu wa kule watoke ili majeshi yapate pa kukaa.

— Sisi je? — aliuliza Fabian.

— Sisi hatumo.

— Mpaka lini?

— Hatumo, bwana. Husikii Kiswahili?

Fabian alikuwa muuza mitumba, na kwa jinsi alivyolisifia soko huria mwaka lilipoanza, jina likamganda. Siku hizi alikuwa halisifii tena, lakini jina halitoki kwa kufuliwa.

— Nasikia vizuri — alisema Soko Huria. — Ninachouliza, nchi isiyomo inakuwaje mpaka inakuwamo? Maana hao wote unaowataja, mwanzo hata wao hawakuwamo.

Swedi aliacha kuichezea chaki. Mtu amebeba swali siku mbili kama jipu, halafu mwenzake analitumbua akinywa kahawa.

— Inaanzia mdomoni — alisema Masafa. — Mimi nimezisikiliza nchi zikiingia vitani tangu nikiwa karani stesheni. Kwanza mkubwa anasema tumesikitishwa. Hapo bado. Baadaye anasema tunafuatilia kwa karibu. Umelisikia hilo neno, karibu? Umeshasogea. Halafu anasema hatutavumilia. Akishasema hivyo, wewe usingoje taarifa ya habari, nenda kanunue chumvi.

— Chumvi ya nini, mzee?

— Itapotea. Hukumbuki vita vya Uganda? Sabuni ilikwenda wapi?

— Sabuni ilipotea mpaka wasiooga wakalalamika — alisema Bi Mwamvua, akimimina bila kumtazama mtu. — Wewe ndiye uliyepiga kelele kuliko wote.

Walicheka. Swedi naye alicheka, ila cheko lake lilitoka nusu, kama uzi uliokatika ndani ya tundu la sindano.

— Si mdomo — alisema Thobias. Huyu alikuwa anabeba chai kwenye vikao vya wakubwa, na kwa kuwa aliisikia sauti yao kuliko maneno yao, alikuwa anazungumza kama wao. Wakamwita Mheshimiwa. — Mimi nimo humo ndani, ndugu zangu. Vita vinaingia kwa kuku.

— Kuku?

— Nisikilizeni kwa makini. Wanagombana huko, wewe unasema njooni kwangu niwapatanishe. Wanakuja. Unawapa hoteli, unawachinjia. Sasa kuku ana mapaja mangapi? Mmoja amepata paja, mwenziwe kapata kipapatio. Kwenye kikao anatabasamu. Akirudi kwao anawaambia watu wake: pale tulipokwenda, wale wana upande. Umeingia vitani na wala hujui, umekaa unaosha sufuria.

— Basi wapewe maharage — alisema Masafa.

— Ukimpa kiongozi wa watu maharage hapo ndipo hata mpatanishwa mwenyewe anakutangazia vita!

— Nyote hamjui — alisema Soko Huria. Alishusha sauti, akatazama barabarani, jambo ambalo hufanywa na mtu asiye na siri yoyote. — Vita vimeshaingia. Vinaingia ndani ya robota la mitumba. Juzi nimefungua makoti. Moja zuri, zito, la kizungu. Nalinyoosha, naona tundu hapa kifuani. Mteja akaniuliza. Nikamwambia nondo.

— Na alikubali?

— Aligeuza koti akaona tundu jingine mgongoni. Akasema, huyu nondo wako alikuwa na haraka.

— Ulimuuzia?

— Nilimpunguzia. Lakini mimi nilijua. Hizi nguo zinakuja zimejua vita. Mtu wa hapa anavaa koti la marehemu aliyekufa vitani, hasira za yule zinahamia kwake. Ndiyo maana siku hizi hata foleni ya maji watu wanapigana. Sio mgawo. Ni makoti.

Masafa alisema hayo ni maneno ya ulevi. Soko Huria akasema yeye halewi ila kwa kukosa wateja. Mheshimiwa akataka kutoa hoja ya taarifa, akaambiwa anywe kahawa yake. Wakati wote huo Swedi alikuwa anangoja. Mdomo hakuwa nao, kuku hakuchinja, robota hakulifungua. Kila nadharia iliyopita ilimwacha alipo, na kila ilipomwacha alipumua kidogo. Ndipo Bi Mwamvua akaweka birika chini.

— Mnavijua vita vya redioni — alisema. — Mama yangu alivijua vya mlangoni.

— Haya, bibi.

— Mama yangu alikuwa mtoto wa Kigogo, wa nyuma ya milima ya Mpwapwa. Mjerumani alikuja kwa baba yake, mpole kabisa, akamwambia: nyinyi hamumo, hii ni vita yetu sisi na Mwingereza. Tunaomba mtu wa kutubebea mzigo tu, mpaka kambi ya mbele. Baba yake akaenda. Kambi ya mbele nayo ilikuwa na kambi ya mbele yake. Mpaka leo hajarudi. Akaja Mwingereza, naye mpole: nyinyi hamumo, tunaomba ng'ombe tu na huo mtama. Wakachukua. Halafu huko kwao wakapatana, wakapeana mikono. Vita vikaisha. Watu walioambiwa hawamo ndio sasa wakaanza kufa.

— Mtunya — alisema Masafa taratibu. Hata mtu wa Tukuyu kama yeye akikaa Dodoma miaka mingi atalisikia jina la njaa ile.

— Mtunya. Watu waliwatoa watoto wao kwa kibaba cha mtama, na usidhani hawakuwapenda. Mama yangu alitolewa. Akapelekwa nyumba ya wafanyabiashara pale Mpwapwa, akasilimu, akakua, akaozwa humo humo. Ndiyo maana mimi naitwa Mwamvua, na wajomba zangu hata nikipishana nao sokoni siwajui.

Upepo ulipita, ukawafanya wote wafunike vikombe kwa viganja.

— Pole, Bi Mwamvua — alisema Mheshimiwa. — Lakini hiyo ni historia. Siku hizi kuna Umoja wa Mataifa.

— Siku zile kulikuwa na Mungu.

Kivuli cha kibaraza kilikuwa kimeanza kulivuka taruma. Alasiri ilikuwa inakuja na bwana wake. Swedi akaona kama hatasema sasa, hatasema.

— Na fundi je? — aliuliza.

— Fundi gani?

— Fundi yeyote. Tuseme ni fundi cherehani. Kaletewa kitambaa, kashona, kapiga pasi, kampa mwenyewe. Mwenyewe akaipeleka nguo anakokujua. Fundi naye yumo?

— Hayumo! — alisema Soko Huria. — Mimi nikikuuzia suruali ukaenda kuibia, mwizi ni suruali?

— Hayumo hata kidogo — alisema Masafa. — Sisi reli tulibeba kila kitu. Tulibeba hata majeneza, na hatukumfahamu aliyemo.

— Kikanuni hayumo — alisema Mheshimiwa.

Swedi alihisi mabega yake yakishuka. Lakini Bi Mwamvua alikuwa amekwisha kumtazama, na mwanamke yule akikutazama ni kama amekushika sikio.

— Swedi — alisema. — Fundi yeyote huyo ana nini chini ya shuka?

Basi wakaingia wote, kahawa mkononi. Swedi akafunua meza. Mashati yalikuwa yamekunjwa vizuri, ukosi juu ya ukosi, kama alivyozoea kuyapanga mwezi wa kwanza shule zinapofunguliwa. Majora yalisimama ukutani, marefu, yamejipanga mstari. Chumba kizima kilikuwa kinanuka kitambaa kipya, harufu ambayo haikuwa imesikika humo muda mrefu, na wote, sema usiseme, waliivuta.

— Kazi hiyo! — alisema Soko Huria. — Fundi, umeikalia kimya?

— Hajaamua — alisema Bi Mwamvua. — Huoni uso wake?

— Bwana anapita leo kuchukua jibu — alisema Swedi. — Anasema ni za walinzi wa mashamba. Ng'ambo ya ziwa.

Walitazamana. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mjinga kiasi hicho, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwa na akili.

— Mashamba yanahitaji ulinzi — alisema Masafa hatimaye.

Soko Huria, ambaye hajawahi kuona nguo asiijaribu, alichukua shati la juu akaliingiza mkono. Mkono ukafika kwenye kiwiko ukakwama. Akalivuta, likalia. Akabaki amesimama, mkono mmoja juu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

— Fundi, umeharibu. Hili limekatwa kwa kipimo cha nani?

— Ndivyo alivyotaka.

— Alitakaje?

— Alisema nisihangaike na vipimo vipya — alisema Swedi. — Nitumie vyangu vya siku zote.

Vipimo vyake vya siku zote vilikuwa vinaning'inia ukutani nyuma yake: vipande vya boksi vilivyokatwa mfano wa mgongo, wa kifua na wa mkono, vimetungwa kwenye kamba, na kila fungu limeandikwa darasa lake kwa kalamu nene. La tano. La sita. La saba. Vilikuwa vimening'inia hapo miaka yote. Siku ile hakuna aliyegeuza shingo kuvitazama.

— Watu wa kule hawali vizuri — alisema Masafa. — Vita muda mrefu. Mtu anakonda.

— Kukonda kunapunguza mpaka mkono? — aliuliza Bi Mwamvua.

— Ni kitambaa — alisema Soko Huria, akijivua kwa shida. — Hiki nakijua. Hiki kikilowa kinavutika. Ukilishona kubwa, mvua moja tu, mlinzi anakuwa kama amevaa hema. Huyo bwana ana akili sana.

— Kinavutika mpaka wapi?

— Mpaka linamtosha, bibi.

— Au ni bendi — alisema Masafa. — Jeshi lolote lina bendi. Walinzi pia. Wapiga filimbi huwa wembamba.

Mheshimiwa alikuwa amenyamaza muda wote huo, jambo ambalo lilikuwa linamuuma. Sasa alikohoa.

— Ndugu zangu, hii ni mbinu. Nimesikia wakubwa wakiizungumzia. Mtu akiwa mbali anaonekanaje?

— Mdogo.

— Basi. Adui anatazama, anawaona wadogo wadogo, anasema ah, bado wako mbali, ngoja ninywe chai. Kumbe wameshafika.

Kama ingekuwa siku nyingine, wangecheka mpaka taruma liondoke kwenye mawe. Walicheka kweli, lakini kila mmoja alikuwa anamsikiliza mwenzake akicheka, na kicheko kikakosa pa kukaa kikatoka nje. Swedi alilichukua shati mkononi mwa Soko Huria, akalinyoosha mezani, akaanza kulifunga vifungo kimoja kimoja. Vidole vyake vilijua njia vyenyewe. Kifua kile alikuwa amekishona mara nyingi kuliko alivyosali.

— Salha anaondoka Jumamosi? — aliuliza Bi Mwamvua.

— Kazi ikipatikana haondoki.

— Vifungo anatia nani?

Wote walimgeukia. Bibi kizee alikuwa amelishika shati jingine, ambalo lilikuwa bado halijatiwa vifungo, analigeuza kulitafuta kosa. Hakulipata, Swedi hakuwa fundi wa makosa.

— Kwani mnanitazamia nini? Macho yangu bado yanaona tundu la sindano, na kahawa hii mnainywa kwa maneno. Vifungo nitatia mimi. Mama yangu alipelekwa nyumba ya watu kwa sababu hapakuwa na kibaba. Mimi kibaba nikikikuta sikirushi.

Baada ya hapo, mambo yakaenda kwa kasi iliyomshangaza Swedi. Soko Huria akasema vifungo vya shaba vinapatikana kwa mtu anayemjua, na uzi pia. Yeye ataleta tu, hatagusa sindano. Masafa akasema pale stesheni bado wanampa shikamoo, mzigo atauandikisha yeye ili usilale nje; ataandikisha tu, ndani ya gunia hatatazama. Walikuwa wanagawana kazi kama watu wanaogawana nyama ya sadaka, kila mmoja akihakikisha fungu lake ni dogo na halina damu.

— Na wewe, Mheshimiwa? — aliuliza Soko Huria. — Utafanya nini?

— Mimi nitanyamaza.

— Hiyo ni kazi?

— Kwa mtu wa nafasi yangu ni kazi kubwa.

Swedi alisimama katikati yao, mkasi mkononi. Tangu juzi alikuwa anamtafuta mtu wa kumwambia kwamba hayumo. Hakumpata. Alichopata ni wenzake wa kuwa nao humo, na akashangaa jinsi jambo hilo lilivyomtua mzigo kuliko lile. Akavuta shuka kwenye cherehani ya pili. Akavuta kwenye ya tatu. Vumbi lilipanda, Bi Mwamvua akapiga chafya akamlaani, na chumba kikafanana na zamani. Bi Mwamvua alikwisha kukaa kwenye kigoda cha Salha, uzi mdomoni, analowesha ncha.

— Hodi humu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye vumbi la basi mpaka kwenye kope, mkononi ana kikapu, kwapani ana mwavuli.

— Karibu, mama.

— Shikamooni.

— Marahaba. Karibu ndani, pita.

— Nimeelekezwa kwa Fundi Simo. Natoka Mpwapwa. Mwanangu anahamia huku kwa shangazi yake, aanze shule muhula ujao. Nimenunua shati la dukani, nikalivuta hivi kulipima tu, likabaki mikono miwili mikononi mwangu. Shangazi yake akasema acha ujinga, nenda kwa Fundi Simo, yeye ndiye aliyetushonea hata sisi.

Swedi alisikia raha, raha ya kweli, ile ya zamani. Akavuta futi kamba shingoni.

— Umekuja naye?

— Yuko kwa shangazi, analala, basi limemchosha. Lakini kipimo chake ninacho. Bega lake linanifika hapa. — Akaweka kiganja chini kidogo ya matiti. — Ataingia la sita. Mwembamba lakini ana mabega, kama baba yake.

Halafu akayaona mashati mezani.

— Aa! — alisema. — Kumbe mnashona na ya rangi hii.

Kabla mtu hajasema kitu, alikuwa amekwisha kuweka kikapu chini na kulichukua moja. Alilishika kwa mabega, akalitikisa, akalitazama kwa jicho la mzazi anayejua sabuni. Akavuta mshono wa kwapa. Mshono ukakaa. Akaulaza ukosi juu ya kile kiganja chake, pale chini ya matiti, akaliacha shati lianguke mbele ya khanga yake. Likaning'inia likifika pale linapotakiwa kufika.

— Linamtosha — alisema, na uso wake ukafunguka kwa furaha. — Tazama. Kama umempima. Hata mikono.

Nje, mbali kidogo, gari ilikuwa inapanda taratibu kutoka upande wa stesheni, inakwepa mashimo.

— Kitambaa kizito, kizuri. Na hivi vifuniko vya mifuko, kalamu haianguki. — Akamgeukia Swedi. — Fundi, haya ni ya shule gani?

Masafa aliwasha redio, ikakoroma, akaizima. Soko Huria alikuwa anakichunguza kifungo cha shati lake mwenyewe kana kwamba ameletewa leo. Mheshimiwa alikuwa ananyamaza, kama alivyoahidi. Mwanamke akadhani hawakumsikia. Wanaume wazee, tena wengi chumba kimoja. Akamwelekea mwenzake mwanamke.

— Bibi, ni ya shule gani? Kama ni ya hapa karibu, si bora nimpeleke hiyo hiyo?

Bi Mwamvua alikuwa na sindano hewani, na uzi umeshapita tunduni. Hakuushusha mkono, wala hakuchoma. Alimtazama Swedi, na safari hii hakumshika sikio. Alimtazama kama mtu anayeomba.

Gari ikasimama mbele ya baraza. Honi ikalia, fupi, ya adabu.

Swedi alinyoosha mkono alichukue shati. Alilishika ukosi. Lakini mwanamke alikuwa bado ameushika upindo wa chini, maana alikuwa hajajibiwa, na hakuona sababu ya kuuachia. Wakabaki hivyo, kitambaa kimenyooka kati yao. Fundi alifungua mdomo, na katika maneno yote aliyowahi kuyatumia kujitoa kwenye mambo ya watu, hakuna hata moja lililokuja.

Honi ikalia tena.

— Nakuuliza wewe, fundi — alisema mwanamke kwa upole, akitabasamu. — Au ni shule mpya?